Ukurasa wa Kumi na Tisa

Bweni la Tatu
Jumamosi, 10 Februari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimefika salama. Matroni amekusanya simu zetu zote na kuzifungia kabatini, kwa hiyo mimi na wewe tumerudi kwenye karatasi. Mwenye dharura anaruhusiwa kutumia simu ya ofisini kwake, lakini lazima kwanza usimame kwenye foleni ukumbini na ueleze dharura yako kila mtu akisikia. Unanijua. Afadhali niandike.

Dripu ya pili ni Jumatano. Usisahau karatasi niliyoibandika kwenye mlango wa jokofu. Mama alisema ni ndefu, lakini kijitabu tulichopewa hospitali kina kurasa ishirini na nne na maandishi madogo kama sisimizi, kwa hiyo karatasi moja si nyingi. Nimeandika yote ya muhimu: kuharisha, homa, kikohozi kipya, ngozi kuwasha, mkojo kuwa mweusi. Ukiona lolote kati ya hayo, mwambie nesi siku hiyo hiyo. Daktari alisema dawa hii haiui saratani yenyewe, inaamsha kinga ya mwili ili ikafanye kazi hiyo. Na kinga ikishaamka inaweza kukosea, ikapiga na vile visivyohusika.

Mkutubi amenipa kazi ya kupanga vitabu kila Alhamisi. Humo ndani hakuna anayezungumza na mtu. Nimefurahi mno.

Msalimie Mama, mwambie asifue nguo za hoteli akiwa amesimama muda wote.

Mwanao,
Kamusi


Nyumbani
Jumapili, 18 Februari

Kamusi wangu,

Marahaba. Dripu ya pili imepita. Nilikaa kwenye kiti kile kile cha dirishani, na jirani yangu alikuwa yule mzee aliyeendesha mabasi miaka thelathini. Kila nesi akipita anamwita kwa jina la madereva, anauliza, "Suka, kituo kinachofuata ni wapi?" Naye anajibu, "Mimi leo abiria, muulize aliyeshika usukani." Ameniomba nikipona nimchoree kibao cha kutundika kwenye kiti chake: HAPA HAKUNA KUSHUKA.

Siku mbili baadaye ngozi ya mikono ikaniwasha. Nikaenda kwenye jokofu, nikakuta umeandika, nikampigia nesi, nikapewa mafuta ya kupaka, muwasho umekwisha. Umeona? Tangu ulipojua kusoma, nyumba hii haijajisomea karatasi yenyewe. Barua za mwenye nyumba, maelekezo ya jiko, fomu za hospitali, zote zinapita kwako kwanza, unatutolea kilichomo, ndiyo maana jina la Kamusi limekuganda. Nimemwambia Suka nina binti anayenisomea. Akasema yeye ana watoto watano na hakuna hata mmoja anayemsikiliza.

Nimepata kazi ya kibao cha kiwanda cha mikate, mita sita, juu ya mlango. Nachora taratibu, herufi mbili kwa siku, pumzi inakata nikipanda ngazi. Macho yananichoma kama yana mchanga na jua linaniumiza kuliko kawaida. Nimeangalia kwenye jokofu, macho hayapo, basi ni rangi tu. Navaa miwani ya jua ya mama yako, ile yenye maua pembeni. Vijana wa mikate wananiita Bibi Harusi.

Soma, mwanangu. Kula pia.

Baba


Bweni la Tatu
Jumamosi, 24 Februari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimefurahi ngozi imepona. Mtihani wa biolojia nimepata themanini na moja. Swali la figo nililijua lote lakini nikaandika kwa ufupi mno, mwalimu amesema nina tabia ya kudhani msomaji anajua ninachojua.

Kuhusu macho, pengine umwambie nesi. Si kila kitu kiliingia kwenye ile karatasi.

Mvua imenyesha siku tatu mfululizo na paa la maktaba linavuja upande wa historia. Tumehamisha vita vyote kwenye rafu za mapishi. Mkutubi amecheka, mara ya kwanza tangu nimjue.

Mwanao,
Kamusi


Nyumbani
Jumapili, 10 Machi

Kamusi wangu,

Habari njema kwanza. Uvimbe kwenye pafu umepungua! Daktari alinionyesha picha kwenye kompyuta. Kabla ya dripu ulikuwa kama limau, sasa ni kama harage. Mama yako akatoka kwenda koridoni. Aliporudi akasema eti sabuni ya kazini imemwingia machoni, na siku hiyo hakuwa amekwenda kazini.

Ya pili si njema sana. Suka amesimamishwa dripu. Ini lake limeshambuliwa, kinga imekosea kama ulivyotueleza. Jumatano nilikuta kiti chake kimekaliwa na mama mmoja mwenye redio ndogo. Nilikaa pale nikaangalia dawa ikidondoka kwenye mrija, tone, tone, nikawaza, hawa wakininyang'anya dawa hii ninabaki na nini?

Kwa hiyo nesi aliponiuliza kama kawaida, "Kuna badiliko lolote, mzee?" nikasema hakuna. Akayatazama macho yangu mekundu. Nikamwambia ni rangi, mimi ni mchora vibao. Si uongo. Nimenunua matone duka la dawa, yanapoza kidogo. Asubuhi naona ukungu, mchana unapungua. Usimwambie mama yako, anadhani silali vizuri. Na wewe usijipe kazi ya kuwaza. Karatasi yako ingekuwa na neno, ningekuwa wa kwanza kwenda.

Baba


Bweni la Tatu
Ijumaa, 15 Machi

Mpendwa Baba,

Ukishasoma hadi mwisho wa aya hii usimalizie barua. Weka chini uende hospitali. Si duka la dawa, hospitali unakopata dripu, uwaambie macho ni mekundu, yanauma, mwanga unakuumiza na unaona ukungu. Uwaambie hivyo hivyo kwa maneno hayo.

Sasa nitakueleza. Kijitabu kina ukurasa wa kumi na tisa. Kichwa chake ni "Macho". Ukurasa huo unasema kinga ikiamshwa inaweza kushambulia jicho, nje au ndani kabisa. Kwamba hutokea kwa wagonjwa wachache. Kwamba mtu asitumie matone ya kujinunulia, asisubiri, kwa sababu akichelewa anaweza kupoteza kuona. Niliusoma wote siku ile mezani, Baba. Wewe ulikuwa umekaa kwenye ngazi ya mlangoni unasafisha brashi zako, unapiga mluzi kwa mara ya kwanza tangu Desemba. Nikajiambia, ni wachache, na huyu anaishi kwa macho yake, nimtie hofu ya nini? Nikaufungua ukurasa wa ishirini.

Nilidhani nakulinda.

Ulipoandika kuhusu mchanga nilijua. Tarehe 24 nilikaa na barua yako tangu chai hadi kengele ya chakula cha mchana, halafu nikakuandikia mstari mmoja na kuufunika na mvua ya maktaba. Niliona haya kukiri kwamba nilichagua cha kukusomea. Wewe unajisifu kwa watu kwamba una binti anayekusomea.

Daktari akisimamisha dripu, nitakuwa nimesababisha hilo pia. Lakini nenda.

Nisamehe, au usinisamehe, ila nenda leo.

Kamusi


Nyumbani
Alhamisi, 21 Machi

KAMUSI,

BARUA YAKO NIMEIPATA NA NIMEISOMA YOTE. IMENIFURAHISHA SANA. ENDELEA HIVYO HIVYO.

MIMI MZIMA. KAZI YA MIKATE IMEKWISHA. NINA HARAKA KIDOGO NDIYO MAANA NI FUPI.

BABA


Bweni la Tatu
Jumatatu, 25 Machi

Mpendwa Baba,

Nimeisoma barua yako mara kumi. Sijui nikuelewe vipi.

"Imenifurahisha sana." Nimejaribu kuisikia kwa sauti yako. Mara ya kwanza nilisikia mtu anayenikejeli, na wewe hujawahi kunikejeli. Mara ya pili nikasikia mtu aliyekwisha kunisamehe na hataki mazungumzo. Mara ya tano nikaona maandishi yenyewe, makubwa kama ya kibao, yamekandamizwa mpaka karatasi imechanika kwenye neno YOTE, nikasema huyu ana hasira kiasi kwamba kalamu haimtoshi.

Hukusema kama ulikwenda hospitali. Hukusema chochote kuhusu ukurasa wa kumi na tisa. Kama umeamua kuninyamazia, naona ni haki yako. Ila niandikie kwamba umekasirika. Niandikie neno hilo moja tu. Nimechoka kukisia, sisomi, silali, na mkutubi ameniuliza mara mbili kama ninaumwa.

Kamusi


Hospitali
Jumanne, 26 Machi

Mwanangu,

Mimi si mwandishi, unajua. Naandika nikiwa hospitali, kwenye benchi, nyuma ya karatasi ya ratiba ya kazini.

Jana nilikuwa nafua ovaroli ya baba yako. Natoa vitu mifukoni kama ninavyofanya na nguo za wageni wa hoteli, nikakuta barua yako. Bahasha ilikuwa imefunguliwa, karatasi imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imelainika kama kitambaa. Nikaisoma nikiwa nimesimama kwenye beseni, maji yakimwagika.

Nikaingia ndani. Alikuwa amekaa sebuleni na mapazia yamefungwa. Nikamuuliza, "Barua ya mtoto umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Anasemaje?"

Akasema, "Anasema... shule inaendelea vizuri. Maktaba. Mvua."

"Hiyo ni barua ya mwezi uliopita, baba Kamusi."

Akainamisha kichwa. Nikamwekea kalenda mbele ya uso, nikamuuliza leo tarehe ngapi. Akanijibu, "Kwani wewe huijui?" Mwanaume mzima. Nikajua hapo hapo.

Na mimi nilikuwa na macho yangu mazima kichwani, sikuona. Wiki iliyopita mwenye kiwanda cha mikate alikuja hapa mlangoni. "Mama, mumeo amenichorea maandishi yanapanda mlima. Neno linaanzia kwenye kizingiti linaishia kwenye paa." Nikamtetea! Nikamwambia ndiyo mtindo wa siku hizi.

Tulikwenda siku ile ile, na leo tumerudi kupimwa tena. Wamemwangalia kwa ile mashine yenye taa unayoegemeza kidevu. Kuna uvimbe ndani ya macho yote mawili, umesababishwa na kinga iliyoamshwa na dripu, na jicho la kushoto limeumia zaidi, mboni imegandana na kilicho nyuma yake. Matone ya hospitali kila saa, na mengine ya kupanua mboni. Wamesema matone ya dukani hayakuwa ya ugonjwa huu, yalimpotezea muda tu. Dripu ya kesho imesimamishwa.

Sasa wewe. Kuruka ukurasa, hilo nalielewa, hata mimi ningeuruka. Lakini barua inachukua siku nne. Kutoka kitandani kwako mpaka kwenye simu ya matroni ni hatua ngapi?

Nimechoka, sina nguvu ya kukugombeza inavyotakiwa. Jigombeze mwenyewe kidogo, halafu uache.

Mama yako


Bweni la Tatu
Jumapili, 31 Machi

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Ni hatua arobaini na mbili. Nimezihesabu.

Wewe ndiye uliyepokea simu jana, kwa hiyo unajua sikuweza kusema lolote na matroni ndiye aliyeuliza maswali yote. Nyuma yangu kulikuwa na wasichana kumi na moja. Niliposema "macho ya baba yangu" sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka na ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Sikufa. Nilitarajia ningekufa.

Nilimsikia Baba nyuma yako. Nilisikia ukimwambia, "Njoo, ni mtoto," na nikasikia kiti kikisogea, halafu hakuja. Matroni alisema pengine amechoka. Sasa najua hakuwa ameisoma barua yangu. Lakini wewe umemsomea, sivyo? Kwa hiyo hasira ambayo nilidhani anayo tarehe ishirini na moja ndiyo kwanza anayo sasa.

Usimlazimishe kuniandikia. Ila uniambie matone yanawekwa kila saa kweli, hata ukiwa kazini. Nani anamwekea?

Mwanao,
Kamusi


Nyumbani
Jumanne, 9 Aprili

Kamusi,

Huyu ni baba yako, anayeandika ni mama yako. Namwambia aandike ninavyosema, asiongeze. (Sijaongeza kitu. Mama.)

Matone najiwekea mwenyewe. Suka anakuja asubuhi, mama yako akiwa kazini, anakaa na saa mkononi, ikifika anapiga kelele, "Kituo!" Nusu yanaingia jichoni, nusu shingoni. (Robo tatu shingoni.) Ini lake limetulia. Hawamrudishii dripu, lakini picha yake ya mwisho inaonyesha uvimbe umelala vile vile, haujakua. Ananiambia hilo kila siku. Najua kwa nini ananiambia.

Jicho la kulia linarudi. Nauona mstari wa dirisha umenyooka. La kushoto, bado.

Siku ile ya simu sikuja kwa sababu sikujua nianzie wapi. Nilikudanganya kwamba nimesoma. Barua ilipokuja niliipeleka dirishani, nikaipeleka mlangoni, nikaipeleka juani mpaka machozi yakanitoka, nikaona mistari tu, kama mtu amepitisha brashi chafu. Ningemwomba mama yako, angejua. Angejua, angesema hospitali. Wangejua hospitali, wangezima dripu. Ndiyo hesabu niliyopiga. Nilikuwa nauza macho nilipie kifua. (Hapa nimeinuka nikachemsha chai.)

Sasa nimekaa bila dripu na kila nikikohoa nasikiliza. Usiku na mchana sina kazi nyingine, nakisikiliza kifua changu. Sijui kitu gani nikitunze, mwanangu. Nimechoka kuchagua.

Barua yako mama yako alitaka kunisomea. Nimekataa. Ameniambia tu kilichomo, kwa kifupi. Kwa kifupi nimekwisha kupata mara moja, inatosha. Nitaisoma mwenyewe nikiweza.

Baba (na mkono wa Mama, unaouma)


Bweni la Tatu
Jumamosi, 13 Aprili

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Sitakuandikia kwa kifupi tena. Nilikwenda kwa mkutubi nikamwomba kamusi ya tiba, na neno moja moja ambalo hospitali wameandika kwenye cheti alichonitumia Mama nimelitafuta. Nimeona wapo wagonjwa ambao macho yakitulia wanarudishiwa dripu huku wakipimwa macho mara kwa mara, na wapo wasiorudishiwa kamwe. Sikuona mahali panaposema wewe ni wa kundi gani. Nilitafuta sana. Hilo ni la daktari wako wa macho na yule wa dripu kukaa pamoja na kuamua, na ni la kwako. Waulize mpaka wachoke.

Kila nikianza sentensi ya kukutia moyo naifuta. Naogopa nitakuwa nachagua tena cha kukuambia.

Mwanao,
Kamusi


Nyumbani
Jumapili, 28 Aprili

Kamusi wangu,

Huu ni mkono wangu. Nimeandika polepole, kwa jicho la kulia, nimefunika la kushoto kwa kiganja.

Alhamisi nilipimwa tena. Walinipa lile bango la herufi nisome. La kulia nilisoma mpaka mstari wa pili kutoka chini, nikamwambia daktari aliyechora hilo bango nafasi kati ya herufi zimemshinda. Akacheka, akanifunika jicho la kulia. La kushoto nikaona mwanga, nikaona kuna mtu mbele yangu amevaa nyeupe. Ni nani, sikuona. Daktari hakuzungusha maneno. Amesema kovu limebaki, huenda likasafishika kidogo, lakini lisihesabiwe. Ningekuja wiki ile ya mchanga, anadhani lingepona.

Jana asubuhi nikakaa mezani na barua yako ya tarehe kumi na tano Machi. Nimeisoma yote, kweli mara hii, neno kwa neno, tangu mama yako alipotoka mpaka saa sita. Katika ile iliyofuata uliniomba nikuandikie neno moja. Nakuandikia. Nimekasirika. Nilipofika pale unaposema umefungua ukurasa wa ishirini, niliinuka nikazunguka meza. Nilikukasirikia wewe, halafu nikamkasirikia mtu mzima aliyemwachia mtoto wa shule kazi ya kujua kila kitu kwa niaba yake kwa sababu yeye ni mvivu wa maandishi madogo. Mimi, ninayeishi kwa maandishi! Kufika saa sita nilikuwa na njaa kuliko hasira. Nikala mkate. Sijui kama imekwisha. Ikirudi nitakuambia, sitakaa kimya.

Picha ya kifua imetoka. Harage bado ni harage, halijakua. Madaktari wawili wamekaa pamoja kama ulivyotaka, wamesema mlango uko wazi: naweza kurudi kwenye kiti, macho yakipimwa kila wiki, na hatari ya jicho lililobaki ipo, hawakuificha. Au nikae bila dripu nione harage litafanya nini. Wamenipa fomu, kurasa kumi na moja, za sisimizi wale wale. Suka anasema nirudi. Mama yako anasema anachotaka ni mume, mwenye jicho au asiye nalo. Mimi asubuhi nasema nirudi, jioni nasema hapana.

Nimesoma kurasa tatu mwenyewe, jicho linachoka. Nane zimebaki. Likizo yenu inaanza Ijumaa. Utakaa upande wangu wa kulia, utasoma kwa sauti, na mimi nitafuata mstari kwa kidole. Tukifika kwenye neno la kutisha tutasimama hapo, tunywe chai, tuendelee. Daktari anangoja jibu Jumatatu, na mpaka sasa sijui nitamwambia nini.

Mama anakukumbusha uje na shuka zako, usizifue huko.

Baba yako